Baga au Nusu Kilo? Hesabu ya Mlo wa Nyama Meru na Embu

Mwenye shilingi 600 mfukoni saa saba mchana, awe Makutano mjini Meru au karibu na stendi ya Embu, ana njia nne za kula nyama. Anaweza kuingia mkahawa wenye viti vya sofa aagize baga. Anaweza kusimama mbele ya bucha, achague kipande kilichoning'inia, kisha azunguke nyuma kungoja kichomwe. Anaweza kuingia hoteli ya kawaida aletewe nyama karanga na ugali. Au anaweza kukomea kando ya barabara kwenye kigari cha smoki, ale akiwa wima na kubaki na nauli ya kurudi nyumbani.

Wengi huamua kwa kutazama bei iliyoandikwa ukutani. Lakini bei hiyo imechanganya vitu vingi: nyama, mkate au ugali, kiti, muda wa kungoja, kodi, hata taa na muziki. Makala hii inavitenganisha. Bei zilizomo ni za makadirio, zinazokaribiana na alizozizoea mlaji wa miji hii. Hutofautiana bucha hadi bucha na msimu hadi msimu. Zako zikiwa tofauti, badilisha tarakimu na urudie hesabu.

Nani anashika nafasi ya baga ya mtaani?

Marekani, baga ilianza kama chakula cha mtu wa kipato cha chini. White Castle ilipofunguliwa Wichita, Kansas, mwaka 1921, baga moja iliuzwa senti tano. Ndiyo maana hadi leo miji mikubwa ya huko ina vijimkahawa vya mtaani vilivyodumu miongo kadhaa, vikiuza kitu kimoja kwa majirani walewale, kwa faida ndogo kwa kila sahani na sahani nyingi kwa siku.

Kenya ilipata baga kwa njia nyingine. Iliingia kupitia Nairobi, kwanza katika mikahawa kama Wimpy, kisha ikapata nguvu mpya baada ya KFC kufungua tawi mwaka 2011 na Burger King mwaka 2016. Ilipopanda kuelekea Mlima Kenya, ilikuja ikiwa chakula cha siku ya kutoka, cha kuadhimisha kuzaliwa kwa mtoto au kumkaribisha mgeni. Hata hoteli kongwe za enzi ya ukoloni, Izaak Walton ya Embu, iliyopewa jina la Mwingereza aliyetoa kitabu maarufu cha uvuvi mwaka 1653, na Pig and Whistle ya Meru, hazikuanzishwa kwa ajili ya fundi wa baiskeli anayetafuta chakula cha mchana.

Fundi huyo amekuwa akila bucha. Bucha yenye jiko nyuma ndiyo inayofanya hapa kazi ya kile kimkahawa cha baga cha mtaani: inauza kitu kimoja, inajua wateja wake kwa majina, inamaliza mzoga wa leo leo, na mwenyewe huwa amesimama hapo hapo na kisu. Kwa hiyo swali la mlaji wa Meru na Embu si baga ipi, bali baga au nusu kilo.

Shilingi 500 za baga huenda wapi?

Tuchukue baga ya ng'ombe ya shilingi 500, bila chipsi. Ndani yake tuseme kuna gramu 120 za nyama ya kusaga ikiwa mbichi. Kilo ya nyama hiyo ikiwa shilingi 700, basi nyama iliyomo ina thamani ya shilingi 84. Ikikaangwa hupungua kama robo, kwa hiyo unachotafuna ni takriban gramu 90.

Sasa tazama kodi. Biashara yenye mauzo ya shilingi milioni 5 au zaidi kwa mwaka hulazimika kujisajili kulipa VAT, ambayo ni asilimia 16. Pale ambapo mkahawa unatozwa pia ushuru wa utalii wa asilimia 2, baga ya 500 ina bei halisi ya kama 424, VAT ya 68 na ushuru wa 8. Jumla ya kodi ni 76. Yaani kiasi kinachokwenda serikalini kinakaribia kabisa kile kilichomnunua ng'ombe.

Zilizobaki, kama shilingi 340, hulipia mkate, jibini, sosi, saladi, gesi, umeme wa friji, mishahara, kodi ya pango na vile viti vya sofa. Sehemu kubwa ya vitu hivyo ina mizizi mbali na hapa. Timau hulimwa ngano, lakini Kenya huagiza kutoka nje ngano nyingi inayotumia, na vilevile mafuta ya kupikia. Vita vya Ukraine vilipoanza mwaka 2022, bei ya unga wa ngano na ya mafuta ilipanda hadi vibanda vya mandazi, na baga ikapigwa pande zote mbili: mkate na kikaango. Tena mkahawa unaouza baga chache kwa siku hauna budi kugawanya gharama za friji na pango kwa hao wateja wachache. Mji mkubwa hugawanya kwa mamia.

Kwa hiyo, ukila baga kwa sababu ya nyama, umelipa shilingi 555 kwa kila gramu 100 za nyama iliyoiva. Hata tukikuondolea shilingi 100 za mkate, saladi na sosi, bado ni kama 445. Katika njia tatu nyingine, hakuna inayokaribia bei hiyo.

Nusu kilo kwa jiko

Mbuzi anayechomwa Meru mara nyingi ametoka upande wa Isiolo, ambako mifugo ya kaskazini huteremkia. Embu ina Mbeere jirani, nchi kavu ya mbuzi. Safari hizo fupi ndizo zinazoifanya nyama ya bucha ibaki na bei ya kueleweka, ingawa makaa hayajawa rahisi: marufuku ya ukataji miti katika misitu ya umma iliyowekwa Februari 2018 ilidumu hadi Julai 2023, na mwenye jiko akaona gunia likipanda.

Tuseme kilo ya mbuzi ni shilingi 1,000, kuchomwa kukiwamo. Kilo hiyo hupimwa ikiwa mbichi na ina mifupa. Robo yake ikiwa mifupa, zinabaki gramu 750 za nyama, na motoni theluthi yake hupotea kwa maji na mafuta. Mezani zinafika kama gramu 500 za kula. Hiyo ni shilingi 200 kwa gramu 100, chini ya nusu ya gharama ya baga.

Mtego wa bucha uko kwenye idadi ya watu. Mtu mmoja akiagiza nusu kilo (500), ugali (50) na soda (50), amelipa 600, na mbele yake kuna nyama inayowatosha wawili. Hapo hana cha kumcheka mwenye baga. Lakini wawili wakishirikiana nusu hiyo hiyo, kila mmoja na ugali wake na soda yake, bili ni 700, yaani 350 kila mtu. Wanne kwa kilo moja ni 1,400, tena 350 kila mtu. Wanne hao hao wakienda kwenye mkahawa, kila mmoja baga na chipsi kwa 650 na soda ya 100, watalipa 3,000. Kwa fedha hizo wangepata kilo mbili za mbuzi, ugali na soda kwa wote, na zikabaki 600.

Aliye peke yake ana dawa mbili. Ya kwanza ni kuuliza kama wanapima robo. Bucha nyingi hukubali, hasa kabla ya umati wa saa saba. Ya pili ni kuacha mbuzi na kuchagua ng'ombe, ambaye kwa kawaida huwa nafuu kidogo, ingawa huhitaji meno zaidi.

Gharama nyingine ya bucha ni muda. Choma nzuri haitoki chini ya nusu saa, na siku ya soko inaweza kufika saa nzima. Anayerudi kazini saa nane kamili apige simu mapema, au aende hoteli.

Sahani ya hoteli

Njia isiyotajwa sana ndiyo inayowalisha watu wengi. Karanga ya ng'ombe na ugali au chapati mbili, mboga kidogo pembeni, tuseme kwa 200. Nyama iliyomo ni vipande vinne vitano, kama gramu 70. Ukitoa 50 za ugali, unalipa karibu 215 kwa gramu 100, si mbali na choma, bila kungoja na bila kutafuta mwenzako wa kugawana naye. Mchuzi unakuja bure na unateremsha ugali.

Asiyeng'ang'ania nyama ana nafuu kubwa zaidi. Githeri, mukimo au chapati na maharagwe humshibisha mtu kwa nusu ya bei hiyo au chini yake, na protini ya maharagwe si haba. Embu ina faida ya kuwa jirani na Mwea, hivyo wali wa pishori si anasa kama ulivyo miji ya mbali. Angalia tu bei: pishori halisi hugharimu zaidi ya mchele wa kuagizwa, na hoteli inayouza sahani ya wali kwa bei ya kutupa huenda inachanganya.

Smocha na chipsi

Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Embu, wa Chuka na wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru kule Nchiru wana baga yao: smocha. Chapati ya 20, smoki ya 40, kachumbari na sosi ya pilipili, vikunjwe pamoja. Jumla 60, na imeshikika mkononi kama ile ya 500.

Kwa hesabu ya gramu, smoki ni karibu 90 kwa gramu 100. Ila hapa hesabu inahitaji tahadhari, kwa kuwa smoki si nyama tupu: ina mafuta, chumvi na viungo vya kusindika. Kuila mara moja kwa juma ni sawa. Kuifanya chakula cha kila siku kwa sababu ya bei ni kujinyima. Mwenye 60 angepata hoteli sahani ya chapati na maharagwe inayodumu tumboni hadi jioni.

Chipsi nazo ni hadithi ya nyumbani. Viazi vya Kibirichia na Timau vinalimwa katika kaunti ya Meru yenyewe, na aina ya Shangi ndiyo inayotawala masoko. Januari 2022, KFC ilipotangaza kuishiwa chipsi nchini kwa kuwa viazi vyake vilivyogandishwa vilikuwa vimechelewa kutoka nje, Wakenya walikasirika na wakulima wakashangaa, na kampuni ikaahidi kutafuta viazi vya hapa. Somo kwa mlaji ni kwamba chipsi za kibanda chako cha mtaani huenda zimemenywa asubuhi hiyo, ilhali za mkahawa wa gharama huenda zimetoka kwenye jokofu. Bei kubwa haithibitishi chochote. Kinachofaa kutazamwa ni mafuta: yakiwa meusi na yenye povu, ondoka.

Kwa ufupi: gramu 100 za nyama iliyoiva

- Baga ya mkahawa: shilingi 555 (445 ukiondoa mkate na vya pembeni)
- Karanga ya hoteli: kama 215
- Mbuzi choma wa kugawana: 200
- Smoki: karibu 90, lakini si nyama tupu

Kabla hujalipa

Pima mbele ya macho yako. Mizani ya biashara inatakiwa na sheria kukaguliwa na kupigwa muhuri na maafisa wa vipimo, na mshale au tarakimu zianze sifuri kabla nyama haijawekwa. Kipande chako kikishapimwa, kitie alama au umwombe mchomaji akionyeshe kikiwa jikoni. Si kwamba watu ni wezi, ila jiko moja hubeba nyama za meza sita.

Uliza kilo ni ya mbichi au ya iliyoiva. Kwa mfano wetu, kilo mbichi hufika mezani ikiwa na gramu 750, mifupa ikiwamo. Kwa hiyo kilo iliyopimwa ikiwa imeiva inalingana na shilingi 1,330 hivi. Ukiuziwa kwa 1,200 umepata nafuu. Kwa 1,500 umepunjwa.

Tazama muhuri wa ukaguzi kwenye mzoga. Hapa bucha inaishinda baga kabisa, kwa kuwa paja linaloning'inia linaonyesha rangi, mafuta na muhuri wake, ilhali nyama ya kusaga haionyeshi chochote. Julai 2019, runinga ya NTV ilifichua kuwa baadhi ya maduka ya Nairobi yalikuwa yakitumia kemikali kuifanya nyama ionekane mbichi. Anayetaka baga asiwe na haya kumwuliza mwenye mkahawa nyama yake huisaga nani na lini. Baga isagwayo asubuhi hiyo na bucha jirani ni kitu tofauti na iliyolala kwenye friji siku nne huku umeme ukikatika.

Wahudumu wa chakula wanatakiwa kuwa na cheti cha afya, kinachotolewa upya kila baada ya miezi sita. Mahali penye kujali hukibandika ukutani karibu na leseni ya kaunti. Dakika moja ya kusoma ukuta hugharimu kidogo kuliko siku mbili za tumbo.

Mwisho, soma mstari mdogo chini ya menyu. Bei ikiwa haijajumlisha kodi, ongeza 16 kwa kila 100 kabla hujaita mhudumu, na uongeze 2 zaidi ikiwa ushuru wa utalii umetajwa. Na ukiagiza uletewe na bodaboda, ada yake inaweza kuongeza robo ya bei ya baga moja. Agizeni watu watatu kwa safari moja.

Ukiipika mwenyewe

Kuna njia ya tano, inayowafaa wazazi ambao watoto wao wameona baga kwenye simu na hawataki kusikia habari za githeri. Nusu kilo ya nyama ya kusaga ni 350. Mikate midogo ya duara 100. Yai moja 20. Nyanya, kitunguu na majani ya saladi kutoka kwa mama mboga 50. Mafuta na gesi 50. Jumla 570, na zinatoka baga nne zenye nyama zaidi ya gramu 90 kila moja. Kila moja imegharimu chini ya 145, chini ya theluthi ya bei ya mkahawa.

Mambo mawili yanasaidia. Nunua nyama ikiwa nzima, sehemu ya bega yenye mafuta kidogo, umwombe mwenye bucha akusagie hapo hapo ukiona. Nyama isiyo na mafuta kabisa hutoa baga kavu. Pia gesi: tangu Julai 2023 haitozwi VAT, baada ya kurudishiwa kodi hiyo mwaka 2021, hivyo kukaanga baga nyumbani hakuna tena adhabu iliyokuwapo. Nyama mbichi isiyosindikwa nayo haitozwi VAT. Ile 76 ya kodi tuliyoiona kwenye baga ya 500 karibu yote huyeyuka ukihamia jikoni kwako.

Basi uchague nini?

Ukiwa peke yako na una nusu saa, nenda hoteli. Karanga na ugali kwa 200, chai ya 30, na mfukoni zimebaki 370. Kwa nyama na kwa shibe, hakuna inayoishinda kwa mtu mmoja.

Mkiwa wawili na zaidi, na hakuna anayekimbizana na saa, nendeni bucha. Choma haijawahi kuwa chakula cha mtu mmoja, na bei yake inalijua hilo. Nusu kwa wawili, kilo kwa wanne, ni kipimo cha kutosha kwa watu wazima. Mnaoongeza nusu ya pili kabla ya kumaliza ya kwanza mara nyingi hufungiwa mabaki.

Baga inunue unapohitaji kile ambacho bucha haiuzi: meza tulivu ya kufanyia kazi saa mbili, soketi ya kuchajia, choo safi, mahali pa kumketisha mtoto wa miaka mitano na wenzake. Hivyo vina thamani, na shilingi 340 zilizobaki kwenye hesabu yetu ndizo zinazovilipia. Anayeingia akajilia kwa dakika kumi na kuondoka amelipia kiti ambacho hakukikalia. Huyo angekwenda bucha.

Na kwa mwenye mkahawa anayesoma haya: Meru ina viazi, ina maziwa na ina ng'ombe, Embu ina mchele jirani na mbuzi wa Mbeere. Atakayesaga nyama ya bucha ya jirani kila asubuhi, akakaanga viazi vya Kibirichia, akaoka mkate wake mwenyewe na kuuza baga ndogo ya 200 kwenye dirisha lisilo na sofa, atakuwa ameondoa gharama nyingi tulizozihesabu hapa. Akikaza hivyo miaka ishirini, huenda naye akawajua wateja wake kwa majina kama wanavyojulikana kule bucha. Hadi atakapofungua, nusu kilo ndiyo inayoongoza.